Mistari Kumi ya Kabirhe

Tulimzika Profesa Anselme siku ya Jumanne. Mvua ilikuwa imetupumzisha kwa asubuhi moja tu, na udongo wa makaburini ulishika viatu vyetu ukakataa kuviachia. Bwana mmoja wa suti nyeusi alisoma maisha ya marehemu kutoka kwenye karatasi ndefu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifundisha jiografia miaka mingapi, alipewa cheti gani, kisha kingine, kisha kingine. Nyuma yangu alisimama Tonton Fidèle, yule aliyekuwa akiendesha mashine yetu ya kuchapa wakati wa vita. Jicho lake moja sasa halioni, lakini ulimi wake haujazeeka hata siku moja. Alinivuta kitenge. “Nabintu,” akanong’ona, na mnong’ono wake ulisikika safu tatu mbele, “hawa batu banasoma diploma tu. Hakuna hata mumoja anataja Kabirhe.” Nikamwambia anyamaze, tuko mazishini. “Miye nitanyamaza,” akasema. “Lakini weye unaandika bitabu. Weye ukinyamaza ni zambi.” Nilirudi nyumbani na tope kwenye pindo la kitenge, nikakaa mezani kabla ya kuvua viatu.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita ya pili, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilijua kupiga mashine ya kuandikia kwa vidole vyote kumi, na ujuzi huo mdogo ndio ulionifungulia mlango wa chumba ambacho hadi leo, nikifumba macho, naweza kukitembea bila kugonga kitu. Kilikuwa Muhumba, mtaa wa Bukavu ulio kando ya ziwa, nyuma ya shule moja ambayo vitabu vyake viliibwa katika vita ya kwanza hata rafu nyingine zikang’olewa kuwa kuni. Madirisha mawili yalitazama ziwa. Moja lilikuwa na kioo, la pili lilikuwa na plastiki nyeupe iliyopigiliwa misumari, na upepo wa ziwa ulipovuma plastiki ile ilipumua, ikiingia na kutoka, kama ubavu wa ng’ombe aliyelala. Katikati ilikaa meza ndefu, na juu ya meza yalipangwa maboksi ya viatu na mikebe ya maziwa ya unga. Ndani ya maboksi hayo ilikaa nchi. Kila mahali tulipopajua kati ya ziwa na msitu palikuwa na fishi yake, kipande cha karatasi ngumu chenye jina, njia ya kufika, mito, soko, na majina ya watu wawili walioshuhudia kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Profesa Anselme alikuwa akitengeneza ensaiklopedia ya mahali pa Kivu. Alikuwa hajalipwa mshahara kwa muda mrefu hata akaacha kuuzungumzia. Watu walipomuuliza kwa nini afanye kazi ya namna hiyo huku bunduki zinalia, alijibu kwamba nyumba ikiungua mtu hukimbia na kile anachoweza kubeba, na yeye mikono yake ilizoea karatasi.

Saa sita mchana mke wa Tonton Fidèle alituletea bakuli kubwa la bati lililofunikwa kitambaa: bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa, au bugali na sombe ya majani ya muhogo, na siku za shida bugali na chumvi yenye pilipili. Tulikula wote katika bakuli moja. Profesa alikula amesimama, mkono mmoja ukichukua tonge, mwingine ukisogeza fishi mbali na mafuta. Ilitosha tone moja la mawese kuangukia fishi ya Idjwi ili Tonton Fidèle atangaze kwamba kisiwa kimepata ziwa jipya. Katika mlo huo ndimo nilimojifunza kazi. Mahali pakubwa palipata kichwa chake chenyewe katika kitabu, yaani jina kwa herufi nene na maelezo chini yake. Mahali padogo palipata neno moja tu, tazama, likifuatiwa na jina la jirani mkubwa. Niliyapiga maneno hayo mamia kwa mamia bila kuyawaza. Leo najua kwamba kila “tazama” lilikuwa mlango uliofungwa kwa heshima.

Papa Deo alifika siku ya Alhamisi, amevaa buti za mpira na kofia iliyopoteza ukingo. Alikuwa katekista, na alikuwa ametembea kutoka upande wa Nyangezi tangu alfajiri. Alisimama mlangoni akaangalia maboksi yetu kwa muda mrefu.

“Njo hapa banaandika inchi?” akauliza, kwa ile “njo” yetu ya kusema “ndipo”.

“Njo hapa, papa,” akajibu Tonton Fidèle. “Inchi yote, isipokuwa ile iko ndani ya mifuko ya basoldat.”

Papa Deo hakucheka. Alivua kofia. “Nilikuya juu ya Kabirhe,” akasema.

Nilitafuta katika boksi la K. Hapakuwa na fishi. Basi akatueleza, akiwa amesimama, maana alikataa kiti. Kabirhe ilikuwa kijiji cha nyumba chache juu ya barabara ya kusini, chenye kanisa dogo la matete na soko dogo. Mvua za mwaka uliotangulia zilipozidi, alasiri moja mlima ulikatika ukashuka juu yake. Yeye siku hiyo alikuwa amekuja Bukavu kuchukua hostia na divai ya misa. Aliporudi na kifurushi chake alikuta mteremko mwekundu, laini, umetulia kana kwamba uliumbwa hivyo. Mke wake na watoto wake wako chini. Kitabu cha ubatizo cha kanisa kiko chini. Nakala iliyokuwa parokiani iliungua wakati wa mapigano. “Sasa mutu akisema Kabirhe haikukuwako,” alimalizia, “miye niko na nini ya kumuonyesha? Kofia?”

Profesa Anselme alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba tutaandika. Papa Deo alipokwenda nje kunywa maji, Profesa alinigeukia: “Piga: Kabirhe, tazama Nyangezi. Na katika maelezo ya Nyangezi ongeza mstari mmoja juu ya maporomoko.” Nilipiga. Lakini katekista ni mtu wa kusoma. Aliporudi alisimama nyuma ya bega langu, akasoma polepole, midomo ikicheza.

“Nitazame Nyangezi?” akasema. “Miye nimetazama Nyangezi maisha yangu yote, papa profesa. Kule hakuna mutu wangu.”

Nadhani hapo ndipo mwaka wangu ulipoanza. Niliacha mashine, nikasema, mimi msichana wa kupiga chapa ambaye hakuna aliyemwomba maoni, kwamba hii si haki. Profesa hakukasirika. Alinieleza kama alivyoeleza darasani, na nimekuja kutambua kwamba hoja yake ilikuwa nzito kuliko machozi yangu. Kitabu chetu ni cha mahali, alisema, na msiba si mahali, msiba ni jambo lililotokea. Kabirhe haikuwahi kuwa kwenye ramani, imejulikana kwa kufa kwake. “Angalia nje, Nabintu. Ni misiba mingapi katika vita hii? Tukimpa kila msiba kichwa chake, tutachapa makaburi kutoka A hadi Z. Vita itakuwa imetuandikia kitabu, sisi tukiishikia kalamu.” Tonton Fidèle, aliyekuwa akisafisha mashine, aliacha kusafisha. Papa Deo alitazama sakafu. Hata yeye hoja ilimwingia. Ndipo Profesa akatoa sharti lake. “Nileteeni mistari kumi,” akasema. “Mistari kumi juu ya Kabirhe isiyotaja mlima kushuka. Kila mstari na mashahidi wawili, kama kawaida. Na wewe, papa, usiwe mmoja wao, maana mwenye kesi hajishuhudii. Mkiipata, Kabirhe itakuwa na kichwa chake. Mkiikosa, tazama Nyangezi.” Herufi K ilipaswa kuchapwa kabla ya Pasaka. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Watu wa Kabirhe waliosalia, wale waliokuwa mashambani au njiani siku ile, walikuwa wametawanyika, na wengi wao walikuwa Kadutu, mtaa mwingine wa mji, kwa jamaa. Papa Deo alinipeleka kwa kila mmoja. Aliyetupokea kwanza alikuwa Maman Nsimire, muuza maharage, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuuzia umbali wa vibanda kumi. Aliolewa Kabirhe na kuishi huko hadi mumewe alipofariki, akahamia mjini. Nilikaa juu ya gunia lake nikafungua daftari. Niliuliza kama nilivyolelewa kuuliza. Ukifika kwa mfiwa huanzi na maharage. Unaanza na pole, kisha unauliza ilikuwaje, kisha unanyamaza, naye anakueleza, na mnalia wote wawili. Hiyo ndiyo adabu. Kwa wiki mbili nilikuwa msichana mwenye adabu kuliko wote Bukavu. Nilijaza daftari mbili. Nikazipeleka Muhumba nikiwa na macho mekundu na moyo wa ushindi.

Profesa alisoma kurasa zote, akishika kalamu. Alipomaliza, daftari zilikuwa na mistari ya kukata kutoka mwanzo hadi mwisho, iliyonyooka, isiyo na hasira. “Haya yote ni alasiri moja,” akasema. “Mimi nakuuliza juu ya miaka. Hapa hakuna hata mstari mmoja, mama.” Aliponiita mama nilijua ananihurumia, na hilo lilinichoma zaidi.

Nilirudi Kadutu kumwambia Papa Deo kwamba tumeshindwa. Nilimkuta kwa Maman Nsimire, wakila sahani moja ya viazi vitamu. Maman Nsimire alinisikiliza, akafuta vidole, akasema jambo ambalo profesa yeyote angekuwa na haki ya kulionea wivu.

“Weye unatutoa machozi kila siku, unashangaa tunalia? Kilio iko na siku ya kuanza na siku ya kumalizika. Sisi ya Kabirhe tulianza, hatukumaliza. Nani alimaliza? Batu walisema, hakuna maiti, hakuna kaburi, tutamaliza kilio ya nani? Basi tuko tunakaa ndani yake kama mutu alisahauliwa ndani ya choo.”

“Maman!” akasema Papa Deo.

“Nakosea? Padri hayuko hapa.” Akanigeukia. “Mbele ya kumaliza kilio, mutu anasema vile ndugu yake alikufa. Nyuma ya kumaliza, njo anasema vile aliishi, alipenda nini, aliiba nini. Unataka ile ya nyuma? Basi tumalize kilio.”

Kwetu mtu hutolewa katika msiba kwa mkutano, kwa sala na kasiksi, ile pombe ya ndizi. Jamaa hunyolewa, wanavaa nguo safi, wanakunywa pamoja, na kuanzia hapo kicheko si dhambi tena. Kilio cha kijiji kizima hakuna aliyewahi kukimaliza, na wazee wawili walipinga. Papa Deo aliwajibu kwamba kama Mungu anaweza kupokea kijiji kizima kwa siku moja, na wao wanaweza kukiaga kwa siku moja. Tulifanya Jumapili baada ya misa, katika ua wa Maman Nsimire, kati ya kamba za nguo na ukuta wa mabati. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea, wengine kutoka Bagira, mmoja kutoka Kavumu na kuku mikononi. Papa Deo aliongoza sala. Alinyolewa wa kwanza, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na nywele zake za mvi zilipoanguka niliona kichwa kidogo, cha ujana, kilichokuwa kimejificha chini ya ile kofia. Kisha kasiksi ikazunguka. Halafu mzee mmoja akaonja, akakunja uso.

“Hii iko na maji ya Bukavu,” akasema. “Maji ya Kabirhe ilikuwa na chuma ndani. Chai yake ilikuwa nyeusi mbele ya kutia majani!”

“Na meno ya muke wako pia!” mtu akapaza sauti, na ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Nilichukua daftari nikaanza kuandika.

Sijui nieleze vipi alasiri ile. Nimeandika riwaya tangu wakati huo, nimebuni miji mizima, na sijawahi kuona mahali pakiinuka kama nilivyoona Kabirhe ikiinuka kati ya zile kamba za nguo. Soko lilikuwa Jumatano, na kila mwanamke alikuwa na nafasi yake iliyowekewa jani la mgomba, na hata akiugua mwezi mzima hakuna aliyekaa juu ya jani lake. Mhunzi alitengeneza majembe na kufuli ya kanisa, na aliimba vibaya sana hata wateja walikuwa wakimlipa mapema ili anyamaze. Ngoma ya kanisa ilisikika hadi barabarani. Kijito kilivukwa kwa gogo moja la mkaratusi, na bibi harusi aliyevuka bila kushikwa mkono alisifiwa hadi uzeeni. Juu ya maharage palitokea vita halisi. Upande mmoja ulisema yalikuwa mekundu yenye madoa meupe, wa pili ukasema meupe yenye madoa mekundu, na kwa kuwa kila upande ulikuwa na mashahidi zaidi ya wawili nilikuwa karibu kulia. Maman Nsimire aliingia ndani akatoka na mkebe. Alikuwa amehama na mbegu, naye alikuwa akizipanda kila msimu nyuma ya choo. Alimimina kiganjani. Mekundu, madoa meupe. Waliosema kinyume waliyatazama muda mrefu, na mmoja wao aliomba punje tatu akazifunga kwenye pembe ya leso. Hapo tu ndipo watu walipolia tena, lakini kilikuwa kilio kingine, chepesi, kama mvua inayonyesha huku jua linawaka.

Jumatatu nilimwekea Profesa fishi tisa mezani, kila moja na mashahidi wake wawili. Alizisoma mara mbili, hakukata hata moja. “Tisa,” akasema. Nikamwambia tisa na kumi ni ndugu. “Ndugu si mtu yule yule,” akajibu, na niliona kwamba hata yeye alitamani iwe vinginevyo, lakini sharti lilikuwa limetoka kinywani mwake mbele ya mashahidi. Nilitaka kurudi Kadutu siku ile ile. Mapigano yalianza upya kwenye barabara ya kusini, watu wakatawanyika, wengine wakavuka ziwa, na wiki mbili zikapita kwa milio ya bunduki na tetesi. Tonton Fidèle aliniambia stensili za nta, zile karatasi za kuchapia, zimebaki mbili. Moja ilikuwa ya ukurasa wa kwanza wa K, tuliokuwa tumeuacha nyuma kwa ajili ya Kabirhe, ya pili ilikuwa ya jalada. Nilikata ule ukurasa katika nta kwa amri ya Profesa, siku ya Jumatano ya Mateso. Kabirhe, tazama Nyangezi. Herufi zilizama katika nta moja baada ya nyingine, na Papa Deo alikuwa amekaa sasa kwenye kile kiti alichokuwa akikikataa.

Saa sita mlango ulisukumwa kwa mguu. Alikuwa Maman Nsimire na sufuria kichwani. “Nilisikia munakula sambaza kila siku kama paka,” akatangaza. “Leo mutakula Kabirhe.” Alikuwa amevuna maharage yake ya nyuma ya choo, ya kwanza ya msimu, akayapika na mawese na kitunguu. Tulikusanyika. Profesa alisogeza fishi, akasimama kama desturi yake, akachukua tonge. Maman Nsimire alimtazama akila, akatikisa kichwa.

“Kwetu ungekuwa umekaa,” akasema. “Kabirhe mugeni alikuwa anakalishwa kwanza. Na hakuna wa kumuuliza jina mbele ya kula. Hata jirani akimuuliza, alikuwa anatozwa ndizi. Unakula, unalala, asubuhi ukitaka kusema jina, sema. Ukikataa, kwenda na Mungu. Wakati ya vita batu walijaa pale kwa sababu ya ile tabia. Njo maana hatujui ni wangapi…” Akanyamaza, kwa sababu Papa Deo alikuwa ameinua mkono, na kwa sababu Profesa Anselme alikuwa ameacha kutafuna.

“Maharage kwenye jani la mgomba,” akasema Profesa. “Mwanamke hakuniuliza mimi ni nani.”

Hakuna aliyemwelewa. Alivuta kiti, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikaa wakati wa chakula. Akasema kwamba katika vita ya kwanza, mji ulipoanguka, alikimbia kwa miguu kwenye barabara ya kusini kama nusu ya Bukavu, viatu mkononi, akiwa amebeba boksi moja la fishi. Walipotea njia kwa sababu ya risasi, wakapanda mlima. Jioni walifika kwenye nyumba chache, wakapewa chakula, na mwanamke aliyempa hakumwuliza jina. “Nilikasirika,” akasema. “Nilijiona profesa. Nilidhani ananidharau.”

Maman Nsimire alikuwa ameshika kiuno, kama hakimu. “Ulivuka kijito?”

“Nilivuka.”

“Juu ya nini?”

“Gogo. La mkaratusi. Nilivuka nimekaa, nikijikokota kwa makalio.”

“Haa!” Tonton Fidèle akapiga meza. “Hii lazima iingie ndani ya ansiklopedi!”

“Na maji?” Maman Nsimire hakuwa amemaliza na shahidi wake.

“Niliona kama natafuna msumari.” Profesa alivua miwani. “Asubuhi ngoma ilipigwa, tukaondoka. Mimi, mtu wa mahali, ninayewauliza wengine mashahidi wawili kwa kila kijito, sikuuliza pale panaitwaje.”

Papa Deo alisema kwa sauti ya chini, “Pale panaitwa Kabirhe.”

Profesa alichukua fishi tupu. Aliandika mwenyewe, kwa ule mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima, kwamba Kabirhe mgeni alilishwa kabla ya kuulizwa jina. Shahidi wa kwanza, Maman Nsimire. Mahali pa shahidi wa pili aliandika jina lake kamili, akatia sahihi, akaniwekea fishi mbele yangu. “Kumi,” akasema. “Nabintu, kata ukurasa upya.”

“Profesa,” akasema Tonton Fidèle, “imebaki stensili ya jalada.”

“Kitabu kinaweza kwenda uchi. Mahali hapawezi.”

Nilipiga. Ee, jinsi nilivyopiga! Jina kwa herufi nene, na chini yake mistari kumi: soko na majani yake, mhunzi, ngoma, maharage mekundu yenye madoa meupe, wageni. Plastiki ya dirisha ilipumua nyuma yangu, Maman Nsimire aliimba, Papa Deo alisimama begani akisoma kila neno likiingia katika nta. Baada ya ule wa kumi Profesa aliniruhusu wa kumi na moja, na aliusema mwenyewe: kwamba mlima ulishuka juu ya Kabirhe siku ya soko, na walio chini yake ni wenyeji pamoja na wageni, ambao idadi yao haijulikani kwa sababu iliyotajwa hapo juu. Nimesoma waandishi wengi tangu siku ile. Sijui wangapi wangeweza kuandika hilo “kwa sababu iliyotajwa hapo juu” bila kuongeza neno.

Wiki ya pili baada ya Pasaka barabara ilitulia, tukapanda wote watano na nakala thelathini za herufi K, zimefungwa katika karatasi za mifuko ya saruji. Kwenye kizuizi askari mmoja alifungua furushi. “Hii ni nini?” Tonton Fidèle alimweleza. Askari alipekua, akakunja uso. “Kwetu hakumo.” Kwao kulianza na M. “Bado, chef, tumefika K,” akasema Tonton. “Mutafika M lini?” “Ukituachilia tupite, haraka zaidi.” Akatuachilia, na tulipokuwa tumeshafika mbali alituita kwa nyuma akatutajia jina la kijiji chake mara mbili, herufi kwa herufi, ili tusikosee.

Watu walikuwa wakitungoja kwenye mteremko wa pili, unaotazamana na ule mwekundu, ambao sasa ulikuwa umeota majani. Wenye kujua kusoma walipewa nakala. Papa Deo alivaa shati jeupe, akasoma kwa sauti ya kusomea Injili, na alipofika kwenye mhunzi watu walianza kucheka kabla hajamaliza mstari. “Na kuimba kwake!” wakapaza sauti. “Mumesahau kuandika nyimbo!” Alipofika kwenye wageni walisogea karibu. Alipomaliza ule wa kumi na moja alifunga karatasi, akaitazama ile ng’ambo ya kijani, na hakulia. Alisimama wima kama mtu aliyekabidhi kitu salama kwa mwenyewe. Walimwambia asome tena. Akasoma tena. Mara ya tatu wengine walikuwa wakimtangulia maneno.

Ndipo mama mmoja wa mlima wa jirani, mwenye jembe begani, akapenya katikati ya watu hadi mbele ya Profesa Anselme.

“Na sisi?” akasema kwa ukali. “Sisi tuko na soko kubwa kuliko yao. Tuko na chemchemi mbili. Na hatujakufa! Mupaka mulima ianguke njo mutuandike?”

Kila mtu alimtazama Profesa. Alitafuta mahali, akakaa chini kwenye majani, akatoa kalamu na fishi tupu, akaiweka juu ya goti.

“Mistari kumi, maman,” akasema. “Anza.”

Yule mama alishusha jembe, akakaa mbele yake, akavuta pumzi, akaanza na chemchemi.